Soma manifesto ukiwa na hati ya mshahara mkononi

Jirani yangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, mzee anayefanya kazi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, hatupi hati zake za mshahara. Anazihifadhi kwenye bahasha ya kaki aliyoiandika mwaka kwa kalamu nzito. Jumapili moja alitoa mbili akazitandaza kwenye meza ya plastiki nje ya mlango wake, akaziwekea vikombe vya chai juu zisipeperuke. Mshahara ulikuwa uleule, shilingi 30,000. Kwenye hati ya Agosti 2022, mwezi tuliopiga kura, palikuwa na mstari wa NHIF, bima ya afya ya zamani: 900. Kwenye ile ya Novemba 2024 mstari huo haukuwepo tena. Pahali pake paliandikwa SHIF, bima mpya ya afya, 825, na chini yake ushuru wa nyumba, 450.

Akaweka kidole kwenye hiyo 450. "Kijana wangu, hii ilikuwa imeandikwa wapi tulipokuwa tukipiga kura?"

Nilimwambia iliandikwa, ila haikuandikwa kwa jina hilo. Akanyamaza, akaningoja nieleze. Maelezo niliyompa siku ile ndiyo haya, nimeyarefusha kidogo, kwa sababu swali lake naona ndilo swali bora zaidi la kumuuliza mgombea yeyote wa urais, na kwa sababu tarehe 10 Agosti 2027 tutarudi kwenye foleni.

Tuanze na kilichokuwa mezani mwaka 2022. Karatasi ya kura ya urais ilikuwa na majina manne: William Ruto wa Kenya Kwanza, marehemu Raila Odinga wa Azimio, Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots, na wakili David Waihiga Mwaure wa Agano. Azimio walizindua manifesto yao uwanja wa Nyayo tarehe 6 Juni, Kenya Kwanza wakazindua yao Kasarani tarehe 30 mwezi huohuo. Katikati ya mji, pale Jeevanjee ambako watu hukutana kujadili siasa mchana kutwa, na hata ndani ya matatu, sera zilijadiliwa kwa majina ya mkato: Ruto wa kuinua uchumi kutoka chini, Raila wa 6,000 kwa mwezi, na Wajackoyah wa bhangi. Mtu alichagua jina kama anavyochagua timu, halafu akalitetea. Manifesto zenyewe walizisoma wachache.

Sasa nyumba. Kenya Kwanza waliahidi nyumba mpya 250,000 kila mwaka. Tarakimu hiyo kila mtu aliisikia. Lakini kurasa zilezile zilitaja pia Mfuko wa Taifa wa Nyumba, na hapo ndipo 450 ya jirani yangu ilipojificha. Mfuko haujijazi wenyewe. Msomaji anayeliona neno "mfuko" kwenye manifesto anapaswa kuuliza papo hapo: utajazwa na nani, kila mwezi au mara moja, kwa hiari au kwa lazima? Na jibu halikuwa mbali. Sheria ya Fedha ya 2018, enzi za Uhuru Kenyatta, ilikuwa tayari imeweka makato ya asilimia 1.5 kwa ajili ya mfuko kama huo, mwajiri naye atoe kiasi hichohicho, na mpango ukazuiwa mahakamani. Serikali ile ilikuwa imeahidi nyumba 500,000 kufikia 2022, na haikukaribia hata kidogo. Kwa hiyo aliyekumbuka 2018 angeweza kukisia mwaka 2022 kwamba idadi kubwa ya nyumba pamoja na mfuko ni sawa na makato.

Ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilirudisha asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema makato hayo yanakiuka Katiba, Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kusimamisha uamuzi huo, na Machi Bunge likapitisha sheria mpya ya nyumba za bei nafuu iliyoyarejesha. Mzee ana hati moja ya miezi hiyo ambayo mstari wa nyumba haupo. Alidhani mhasibu wao amekosea.

Sisemi nyumba ni wazo baya. Nimezipita zile za mtaa wa Mukuru hapa Nairobi zikiinuka ghorofa baada ya ghorofa, na Mei 2025 wakazi wa kwanza walikabidhiwa funguo. Anayeishi kwenye mabati anajua thamani ya choo cha ndani. Ninachosema ni kwamba mwaka 2022 mjadala ulipaswa kuwa: je, tuko tayari kukatwa mishahara ili nyumba hizi zijengwe, na ambaye hatapata nyumba anapata nini? Mgombea hakulazimishwa kulijibu swali hilo hadharani, nasi tuliokuwa tukimsikiliza hatukumsukuma.

Mahali pa kumsukuma palikuwa mdahalo. Julai 2022 Ruto alipanda jukwaani peke yake kwa sababu Raila hakufika. Mwaka 2017 Raila alikuwa peke yake kwa sababu Uhuru hakufika. Chaguzi mbili mfululizo Wakenya wamekosa kuwaona wagombea wawili wakuu wakiulizana maswali uso kwa uso. Jambo hili linaniuma kuliko mengi ya siasa zetu.

Kwenye afya hali ni tofauti, kwa kuwa pande zote mbili ziliahidi kitu kilekile: huduma ya afya kwa kila Mkenya. Azimio waliita yao Babacare. Ukilinganisha kwa kuuliza "nani ameahidi matibabu?" utapata wote, na hutakuwa umejifunza lolote. Swali linalowatenganisha wagombea ni nani alipe kiasi gani.

Rudi kwenye hati za mzee. Chini ya NHIF, makato yalipanda kwa ngazi hadi shilingi 1,700, yakakomea hapo. Mwenye mshahara wa 100,000 alikatwa 1,700, na mwenye milioni moja alikatwa 1,700 hiyohiyo. Kuanzia Oktoba 2024, SHIF inakata asilimia 2.75 bila kikomo cha juu. Mwenye 20,000 aliyekuwa akikatwa 750 sasa anakatwa 550. Mzee wangu ameshuka kutoka 900 hadi 825. Mwenye 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375, mwenye 100,000 amefika 2,750, na yule wa milioni moja anatoa 27,500. Mimi naona kwa upande wa makato peke yake mfumo wa sasa una haki zaidi, na nimelisema hilo mbele ya watu wasiotaka kulisikia. Mzee alikuwa hajaona kwamba kwenye afya ameokoa shilingi 75. Macho yake yote yalikuwa kwenye 450, na ukijumlisha mistari yote miwili anatoa 375 zaidi ya zamani.

Lakini geukia kwa mama mboga, ambaye kampeni nzima ilizungushwa kumhusu. Yeye hana mwajiri wala hati ya mshahara. Mapato yake yanakadiriwa kwa kumuuliza maswali kuhusu nyumba anayoishi na vitu alivyonavyo, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mia tatu ni chini ya 500 aliyokuwa akilipa NHIF kwa hiari. Tatizo ni kwamba sheria ilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mpigo: 3,600. Mtu anayeishi kwa mauzo ya siku moja hadi nyingine hana 3,600 iliyokaa tu. Ndiyo maana baadaye ukaletwa mpango wa kumkopesha alipe polepole. Ukisoma sera ya afya ya mgombea, basi, usiishie kwenye asilimia. Tafuta yule asiye na mshahara atalipa lini na kwa njia gani, maana hapa Nairobi wasio na mshahara ndio wengi.

Sehemu ambayo wagombea wa 2022 walitofautiana kweli, na ambayo naona ilieleweka vibaya zaidi, ni chakula. Julai 2022 serikali iliyokuwa ikiondoka, iliyomuunga mkono Raila, ilishusha pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili hadi shilingi 100 kwa ruzuku. Ruto alikuwa akisema tusigharamie ulaji, tugharamie uzalishaji. Maneno hayo mawili, ulaji na uzalishaji, yalipita masikioni mwetu kama maneno ya darasani tu. Kumbe yalikuwa yanasema nani asaidiwe kwanza.

Siku alipoapishwa, 13 Septemba 2022, Ruto alitangaza mbolea ya ruzuku kwa 3,500 kwa gunia la kilo 50, kutoka takriban 6,500. Siku iliyofuata bei ya petroli Nairobi ilipanda kutoka 159.12 hadi 179.30 kwa lita, kwa kuwa ruzuku yake iliondolewa. Ile ya unga nayo ikaisha. Fikiria matokeo kwa watu wawili. Mkulima wa Trans Nzoia amepata nafuu kwenye kitu anachonunua kabla ya kupanda. Mpangaji wa mtaa wa Huruma, Nairobi, amepoteza nafuu kwenye kitu anachonunua kila jioni, na nauli yake imepanda juu ya hapo. Kwa mkulima huyo, mbolea ya Septemba ni ya kupandia mvua za Machi, na mahindi ya Machi Bonde la Ufa huvunwa mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo hata sera hiyo ingefanya kazi bila dosari, mtu wa Huruma aliombwa angoje zaidi ya mwaka mmoja. Nayo haikukosa dosari: mwaka 2024 nchi ilipigwa na kashfa ya mbolea ghushi, na baadhi ya wakulima wakagundua kwamba walichopanda nacho hakikuwa mbolea.

Nimewahi kubishana na binamu yangu wa Kitale juu ya jambo hili hadi chai ikapoa. Yeye anasema sisi wa Nairobi tunataka unga wa bei ya chini bila kujali anayeulima. Nami namwambia njaa ya leo haizimwi na mavuno ya mwakani. Tuko sahihi sote wawili. Sera ya mgombea haiwezi kuwa nzuri hivihivi tu. Ni nzuri kwa mtu fulani, kwa wakati fulani, na manifesto huwa haimtaji anayeambiwa angoje.

Upande wa fedha za mkononi, Azimio waliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa kaya maskini zipatazo milioni 2. Kenya Kwanza waliahidi shilingi bilioni 50 kwa mwaka za mikopo nafuu kwa wafanyabiashara wadogo. Chukua simu ufanye hesabu: 6,000 mara miezi 12 ni 72,000, mara kaya milioni 2 ni bilioni 144 kwa mwaka. Hiyo ni karibu mara tatu ya bilioni 50, na tofauti yake ya pili ni kwamba ruzuku hairudi ilhali mkopo unatarajiwa kurudi. Kwa bibi mgonjwa anayelea wajukuu Korogocho, mkopo haumsaidii chochote, 6,000 ingemfaa. Kwa kijana wa Gikomba anayetaka mzigo wa mitumba, mkopo ndio wa kwake, ingawa Hazina ya Hasla, mfuko wa mikopo hiyo, ilipozinduliwa 30 Novemba 2022 ilianza na mikopo ya kuanzia shilingi 500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na 500 hainunui robota la mitumba.

Walipoulizwa bilioni 144 zitatoka wapi, jibu la Azimio lililosikika sana lilikuwa kuziba mianya ya wizi. Napenda mianya izibwe. Ila fedha utakazookoa huwezi kuzipangia matumizi kabla hujaziokoa. Kila mgombea atakayeniambia atagharamia ahadi kwa kukomesha ufisadi, nitamuuliza mwaka wa kwanza, kabla wezi hawajashikwa, atatumia nini. Na hapa nimtetee kidogo Profesa Wajackoyah. Alichekwa kwa ahadi za kuuza bhangi na kufuga nyoka, akapata chini ya nusu ya asilimia moja ya kura. Lakini alijaribu kutaja chanzo cha fedha na deni la taifa alilotaka kulilipa. Hesabu yake inaweza kupingwa. Chanzo ambacho hakikutajwa hakiwezi hata kupingwa.

Juu ya ahadi zote limekaa deni. Lilipita shilingi trilioni 10 mwaka 2023. Bondi ya dola bilioni 2 tuliyokopa mwaka 2014 ilikuwa ya kulipwa Juni 2024, na tarehe hiyo ilijulikana na kila aliyegombea 2022. Atakayeshinda 2027 atakuta pia deni limeshachukua sehemu yake, na kaunti zina haki ya Kikatiba ya kupata angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Kinachobaki cha kufanyia jambo jipya ni kidogo kuliko kelele za kampeni.

Halafu kuna mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba limegawanya kazi: takataka, masoko, zahanati na shule za chekechea ni za kaunti, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, polisi na hospitali kuu za rufaa ni za serikali ya taifa. Mgombea urais anayeahidi kuondoa takataka Nairobi anaahidi kazi ya gavana. Najua mtu atanikumbusha NMS, idara ya serikali ya taifa iliyoundwa mwaka 2020 kuendesha huduma za jiji, ambapo Gavana Mike Sonko alikabidhi baadhi ya kazi za kaunti kwa serikali ya taifa. Ni kweli, inawezekana, lakini kwa makubaliano ya pande mbili na kwa muda. Rais haamki tu akazichukua. Vivyo hivyo kwa anayeahidi kubadilisha Katiba. Mahakama ya Juu ilisema 31 Machi 2022, kwenye kesi ya BBI, mpango wa enzi za Uhuru wa kubadilisha Katiba, kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekewa wananchi wa kawaida (popular initiative). Na kodi haitozwi wala kuondolewa bila sheria ya Bunge. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha dhidi ya 106 waliopinga, vijana wakaingia Bunge siku hiyohiyo, damu ikamwagika barabarani, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo ukimlinganisha mgombea urais, mlinganishe pamoja na wabunge anaokuja nao. Mbunge wako wa Embakasi au wa Dagoretti ndiye atakayeinua mkono.

Kuhusu elimu sitakaa sana. Azimio walisema bure hadi chuo kikuu, Kenya Kwanza wakasema watajaza pengo la walimu 116,000. Ya pili inahesabika, ya kwanza inavutia. Mfano ninaoupenda ni wa zamani: muungano wa NARC uliahidi elimu ya msingi bila malipo, Mwai Kibaki akaapishwa 30 Desemba 2002, na Januari watoto walikuwa shuleni. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na serikali ikaweka kiwango kinachojulikana, shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Madarasa yalifurika, walimu wakaelemewa. Lakini ahadi ilikuwa na mlipaji, kiwango na tarehe. Ilinganishe na kompyuta za darasa la kwanza zilizoahidiwa 2013, ambazo zabuni yake ilikwama mahakamani na zikaja baadaye kama vishikwambi.

Kuna onyo moja ambalo lazima niliseme kwa ajili ya haki. Aliyeshinda 2022 tunampima kwa aliyoyatenda. Aliyeshindwa tunampima kwa maneno, na Raila Odinga alifariki Oktoba 2025 bila kupata nafasi ya kuyafanya au kuyakosea. Ni rahisi kusema "yule angefanya vizuri zaidi" juu ya mtu ambaye manifesto yake haijawahi kukutana na bajeti. Naisikia kauli hiyo kila wiki, na ile ya kinyume chake pia. Mtu makini hulinganisha karatasi na karatasi, halafu, kando na hapo, hulinganisha matendo na karatasi iliyoyaahidi.

Mzee alinisikiliza hadi chai ya pili. Kisha akageuza bahasha na kuandika nyuma yake kwa ile kalamu nzito: NYUMBA 450. Alisema akikutana na mgombea yeyote wa 2027, au na wakala wake anayegawa karatasi kituo cha basi, atamuuliza kama hiyo asilimia 1.5 itabaki au itaondolewa. Nilimwomba aongeze maswali mengine mawili chini yake. Akijibiwa itabaki, aulize mtu wa 30,000 ambaye amekatwa tangu 2023 anafika lini kwenye orodha ya wanaopewa funguo. Akijibiwa itaondolewa, aulize zile ghorofa za Mukuru na kwingineko zilizofika nusu zitamaliziwa kwa fedha gani, na ukichukuliwa mkopo, mstari wake utatokea wapi kwenye hati yake.